Mafuta ya chipo hadi tangi la ndege: mwongozo kamili wa kukusanya mafuta yaliyotumika kutoka Nairobi

Wengi wanaoingia katika biashara hii Nairobi huanza vizuri. Wanapata hoteli kadhaa Westlands, wanajaza mitungi, wanakodi ghala Industrial Area, kisha mzigo wa kwanza unakataliwa. Mafuta yana maji, au asidi imepanda, au karatasi hazionyeshi yalikotoka. Makosa ni hayo matatu, na yote hutendeka kabla mafuta hayajaona kontena.

Mwongozo huu unafuata njia moja tu: mafuta ya kupikia yaliyotumika, kutoka jikoni hadi kwenye kontena linaloelekea kiwanda cha mafuta endelevu ya ndege. Hatumshauri mtu aanze na kiwanda. Mtambo wa HEFA, unaoyatia mafuta hidrojeni kwa joto na shinikizo kubwa, unahitaji mtaji wa kampuni kubwa za mafuta. Kinachoweza kujengwa hapa, na ambacho viwanda vya ng'ambo vinakitafuta, ni ukusanyaji safi wenye ushahidi.

Soko lenyewe limewekwa na sheria. Katika Umoja wa Ulaya, mafuta ya ndege yanayouzwa viwanjani lazima yawe na 2% ya mafuta endelevu tangu 2025, na 6% ifikapo 2030. Uingereza ilianza na 2% mwaka wa 2025 na inadai 10% mwaka wa 2030. Mafuta ya kupikia yaliyotumika yanakubalika kama malighafi, mradi uthibitishe kwamba kweli yalitumika.

## Lengo lako kwa namba

Mzigo mdogo unaoleta maana kwa meli ni fleksitangi moja, yaani mfuko mkubwa wa plastiki wa kubebea vimiminika, ndani ya kontena la futi 20. Linabeba lita 24,000 hivi, na kwa kuwa lita moja ya mafuta haya ina uzito wa kilo 0.915 hivi, hiyo ni karibu tani 22.

Chukulia kwamba 8% ya unachokusanya ni maji na makombo. Utahitaji kupokea lita 26,000 hivi, yaani mitungi 1,300 ya lita 20. Ukikusanya mitungi 110 kwa wiki, kontena litajaa baada ya wiki 12.

Wiki hizo 12 ndizo zinazowamaliza watu. Pesa zako zimelala kwenye matangi muda wote huo, na mafuta yenye maji yanazidi kuharibika yakikungoja. Hesabu ya mtaji ifanyike hapa: bei ya kununua tani 24, mshahara, mafuta ya gari na kodi ya miezi mitatu, kisha muda wa safari ya meli hadi mnunuzi alipe.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kumpigia mtu simu

Za barabarani: mitungi 300 ya plastiki ya lita 20 yenye mfuniko wa skrubu, vifunga vya plastiki vyenye namba, na Canter au pikapu. Probox inatosha mwanzoni kwa Kilimani na Upper Hill, lakini usiibebeshe zaidi ya uwezo wake.

Za ghalani:

- mizani ya jukwaa ya kilo 150 iliyopigwa muhuri na maafisa wa vipimo na mizani
- tangi la kupokelea la lita 1,000 lenye wavu wa chuma wa milimita 1
- matangi mawili ya kutulizia ya lita 2,000 kila moja, yenye kitako cha koni na vali chini kabisa
- vichujio vya mfuko vya maikroni 400 na 100
- pampu ya gia ya inchi 2 yenye uwezo wa lita 5,000 au zaidi kwa saa
- matangi 25 ya IBC (ya plastiki ndani ya fremu ya chuma) ya lita 1,000, au tangi moja la chuma la lita 25,000
- ukingo wa zege kuzunguka matangi, unaoweza kushika 110% ya tangi kubwa kuliko yote

Mafundi wa jua kali wa Kamukunji na Kariobangi wanaweza kukuchomea matangi ya koni. Waambie mambo mawili: chuma cheusi au chuma kisichoshika kutu, na vali zisiwe za shaba. Mabati yenye zinki na vifaa vya shaba huharakisha kuoza kwa mafuta na kuyaachia chembe za metali ambazo kiwanda hakizitaki.

Za maabara: mizani ya gramu 0.01, bureti ya mililita 25, bika, kipimajoto cha hadi nyuzi 200, jiko la sahani la umeme, alkoholi ya isopropili ya 99%, myeyusho wa kostiki soda wa normaliti 0.1, fenoftalini, na potashi ya alkoholi ya normaliti 0.5. Nunua myeyusho uliokwisha kutengenezwa. Kupima chembe za kostiki kwa kubahatisha ndiko kunakoleta majibu ya uongo. Ongeza miwani na glavu. Tone moja la kostiki machoni ni safari ya hospitali.

## Hatua ya 1: Tafuta mnunuzi kabla ya mtungi wa kwanza

Watu hufanya kinyume: wanajaza ghala kisha wanauliza nani atanunua. Karatasi ya viwango ya mnunuzi ndiyo itakayokuambia ukusanye nini, kwa hiyo iombe kwanza. Mikataba mingi huzunguka namba hizi:

- asidi huru (asidi inayotokea mafuta yanapovunjika) isizidi 5%
- maji na uchafu kwa pamoja visizidi 2%
- salfa isizidi miligramu 50 kwa kilo
- kiwango cha iodini (kipimo cha jinsi mafuta yasivyojaa hidrojeni) kisipungue 75

Hiyo ya mwisho ndiyo mtego kwetu. Mafuta mengi ya kukaangia nchini ni ya mawese, na olini ya mawese, sehemu yake iliyo majimaji, ina kiwango cha iodini cha 56 hadi 60. Ukisaini mkataba wa 75, umesaini kukataliwa. Mweleze mnunuzi wazi kwamba mafuta yako ni ya mawese na kipengele hicho kibadilishwe kwa maandishi. Kiwanda kinachotia hidrojeni hakina sababu kubwa ya kulalamika, maana mafuta yenye iodini ndogo hutumia hidrojeni kidogo. Wanaolalamika zaidi ni watengenezaji wa bayodizeli, ambao mafuta yao huganda kwenye baridi.

Swali la pili kwa mnunuzi: anataka cheti gani? ISCC ni shirika la kimataifa la vyeti vya uendelevu. ISCC EU (ya soko la Umoja wa Ulaya) na ISCC CORSIA (ya mpango wa kimataifa wa hewa chafu ya ndege) ni mifumo miwili tofauti, na kuwa na kimoja hakukupi kingine. Ukishajua, jisajili ISCC, kisha ufunge mkataba na kampuni ya ukaguzi inayotambuliwa nao. Cheti hudumu miezi 12. Mafuta uliyoyakusanya kabla ya cheti usitegemee kuyauza kama yenye cheti, hata yawe safi kama maji ya Ndakaini.

Umemaliza hatua hii ukiwa na barua ya nia ya kununua yenye viwango, aina ya cheti, bei inayofuata kilo, na mahali pa kukabidhiana, ama ghalani kwako ama bandarini Mombasa.

## Hatua ya 2: Leseni

Zishughulikie zote sambamba, kwa sababu moja ikichelewa nyingine zote zinasimama: kampuni na PIN ya KRA pamoja na eTIMS, mfumo wake wa ankara, kibali cha biashara cha Kaunti ya Nairobi, kibali cha mazingira cha ghala na leseni ya kusafirisha taka kutoka NEMA, na usajili wa mahali pa kazi kwa idara ya usalama kazini, DOSHS.

Leseni ya usafirishaji huandamana na gari. Ukikodi gari la rafiki kwa siku moja, mkaguzi wa barabarani hatauliza kama mmejuana tangu utotoni.

## Hatua ya 3: Andikisha kila jiko

Katika mfumo wa ISCC, jiko linaloyatoa mafuta ni chanzo, nawe ni kituo cha ukusanyaji. Kila chanzo kinasaini tamko linalosema kwamba mafuta ni taka ya kukaangia, hayakuchanganywa na mafuta mapya, na kwamba mkaguzi anaruhusiwa kufika. Tamko husainiwa upya kila mwaka. Chanzo kinachotoa tani 10 au zaidi kwa mwezi huingia kwenye ukaguzi wa mahali pake. Walio chini ya hapo hukaguliwa kwa sampuli, na sampuli ina tabia ya kuangukia pale ulipozembea.

Faili la kila chanzo liwe na:

- jina la biashara kama lilivyo kwenye kibali cha kaunti
- mahali kwa ramani, pamoja na jengo na ghorofa
- jina la anayekabidhi na namba ya simu
- makadirio ya mafuta mapya wanayonunua kwa mwezi
- makadirio ya machafu wanayotoa

Hizo mbili za mwisho zipo kwa sababu. Kuna nyakati mafuta yaliyotumika huuzwa ghali kuliko mafuta mapya ya mawese, na hapo ndipo tamaa huingia. Chakula hunywa mafuta: hoteli inayonunua lita 200 haiwezi kukukabidhi lita 190. Mkaguzi akiona hivyo atauliza, na jibu utalitoa wewe.

Vipi vibanda vya chipo vya Githurai na Eastleigh? Vina mafuta, ila kidogo, na wengi wao huongezea mapya juu ya ya zamani hadi yaishe. Usivipuuze, lakini usianze navyo. Anza na hoteli kubwa, jikoni za hospitali na shule, na watengenezaji wa krisps. Chanzo kimoja cha lita 200 kwa mwezi kinakuokoa kazi ya kuandikisha vibanda kumi vya lita 20.

Ukifikia vibanda, fahamu kwamba unashindana na mtu anayeyanunua mafuta hayo ili yakaangiwe tena. Huyo halipi kwa mizani wala haandiki risiti, lakini hulipa taslimu papo hapo. Dawa yake ni kulipa kwa M-Pesa palepale mtungi unapopimwa. Faida ya pili ni kwamba ujumbe wa malipo unakuwa ushahidi wenye tarehe na kiasi.

Usichukue mafuta ya mtego wa sinki hata kwa bure. Yana asidi kali, maji taka na sabuni, na katika vyeti ni malighafi ya aina nyingine kabisa. Mafuta ya wanyama kutoka machinjioni nayo yaende njia yake.

## Hatua ya 4: Mitungi na njia

Tumia mitungi ya rangi isiyo ya kawaida, kwa mfano ya kijani. Mtungi wa njano ukiachwa jikoni Nairobi, kesho utaukuta umejaa maji ya kuoshea vyombo. Kamwe usitumie uliowahi kubeba dizeli, mafuta ya injini au kemikali, hata ukioshwa vipi.

Utaratibu ni kubadilishana: unachukua mtungi uliojaa, unaacha mtupu uliooshwa na kukaushwa. Mpe mpishi maagizo manne tu, yabandikwe ukutani:

1. Acha mafuta yapoe hadi nyuzi 50 au chini kabla ya kumimina. Ya moto huyeyusha plastiki, na plastiki ndani ya mafuta haichujiki.
2. Mimina kupitia chujio la chuma, si mfuko wa plastiki.
3. Usiongeze maji, mchuzi wala unga.
4. Funga.

Panga njia kwa mtaa, kila njia na siku yake, na gari litoke baada ya saa tatu asubuhi, foleni ikishapungua na wapishi wakiwa bado hawajaingia kwenye chakula cha mchana. Kila mtungi ufungwe kwa kifungio chenye namba mbele ya mwenye jiko, na namba hiyo iandikwe kwenye risiti yake na kwenye karatasi ya dereva. Hati hiyo ya dereva ndiyo mzizi wa ushahidi wote unaofuata. Ikipotea, mafuta yale hayana baba.

## Hatua ya 5: Pokea kwa kupima, usipokee kwa imani

Hapa ndipo mnyororo unaposimama au kuanguka, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Uzito. Pima mtungi ukiwa umejaa, toa uzito wa mtungi mtupu. Lita 20 za mafuta safi zina kilo 18.3 hivi. Ukipata kilo 19.5 za kilichomo, ndani mna maji au uji.

Kuchungulia tabaka. Chukua mrija wa plastiki angavu, ushushe polepole hadi chini ya mtungi mdomo wa juu ukiwa wazi, kisha uzibe kwa kidole gumba na uutoe. Utaona tabaka zote kama zilivyo: mafuta juu, maji katikati, makombo chini. Ukichota juu tu utanunua sura ya mafuta, na mtoaji mjanja analijua hilo.

Maji. Weka gramu 50 za sampuli iliyokorogwa kwenye bika kavu, upashe huku ukizungusha, hadi povu na milio ya kupasukapasuka iishe. Usivuke nyuzi 130, kwa sababu juu ya hapo mafuta yenyewe huanza kupungua na utayahesabu kama maji. Pima tena ikishapoa. Gramu 1 iliyopotea ni 2%. Nairobi maji huchemka karibu na nyuzi 95 kutokana na mwinuko, kwa hiyo povu litaanza mapema kuliko vitabu vinavyosema. Usidhani kipimajoto chako kimeharibika.

Asidi huru. Pima gramu 5 za mafuta yaliyochujwa, yayeyushe katika mililita 50 za isopropili ya uvuguvugu uliyokwisha kuisawazisha kwa tone la kostiki, tia matone matatu ya fenoftalini, kisha dondosha kostiki ya normaliti 0.1 hadi rangi ya waridi idumu nusu dakika. Zidisha mililita ulizotumia kwa 0.564. Mililita 6 ni asidi ya 3.4%. Mililita 9 tayari umevuka 5%.

Mafuta meusi huficha rangi ya waridi. Tumia gramu 2.5 badala ya 5, na uzidishe kwa 1.128.

Mafuta ya madini. Kipimo hiki hurukwa na wengi, ilhali ndicho kinachoua kontena zima. Nairobi tuna balaa letu: mafuta ya transfoma yaliyoibwa huuzwa kwa wakaangaji kwa kuwa hayaishi upesi. Ongeza mitungi iliyobeba mafuta ya injini. Weka mililita 1 ya mafuta na mililita 25 za potashi ya alkoholi kwenye mrija mpana wa kioo, uutumbukize kwenye maji yanayochemka hadi matone ya mafuta yaishe, kisha uongeze polepole mililita 25 za maji ya moto yaliyotoneshwa. Mafuta ya mimea yote yatakuwa yamegeuka sabuni na maji yatabaki angavu. Ukungu ukitokea, kuna mafuta ya madini. Usiuchanganye mtungi huo na kitu chochote. Utenge, uandike, na chanzo kisimamishwe hadi kieleze.

Sababu yake inazidi ubora. Katika Mkataba wa Basel, mafuta ya kukaangia yaliyotumika yamo katika orodha ya taka zisizo hatari, kifungu B3065. Yakichanganyika na mafuta ya madini unapoteza kinga hiyo, na kontena lako linaweza kuhesabiwa taka hatari bandarini.

Malipo yafuate vipimo. Mtungi wenye kilo 18.3 na maji na uchafu wa 6% unalipiwa kilo 17.2. Mwonyeshe mtoaji hesabu kwenye risiti. Atanung'unika mara ya kwanza, na ya pili ataleta mafuta makavu.

Hoteli kumi zinapotoa mafuta siku moja, kipimo cha asidi kwa kila mtungi hakiwezekani. Fanya uzito na mrija kwa kila mtungi, asidi na maji kwa kila chanzo, na mafuta ya madini kwa kila chanzo kipya, kila kibanda, na kila mara harufu inapokutia shaka.

## Hatua ya 6: Chuja, pasha, tuliza, toa maji

Ifanye siku hiyohiyo. Maji na makombo yakibaki ndani, mafuta huvunjika na kutoa asidi zaidi, na mzigo uliopokewa kwa 3% unaweza kuvuka kikomo kabla kontena halijajaa.

Pitisha mafuta kwenye wavu wa milimita 1, kisha kichujio cha maikroni 400. Yapashe hadi nyuzi 60. Joto hilo huyafanya mepesi ili matone ya maji yashuke. Lita 2,000 kutoka nyuzi 20 hadi 60 zinahitaji takriban uniti 40 za umeme, kwa hiyo tangi jeusi juani la kuyapasha kwanza litakupunguzia bili. Pasha kwa mrija wa maji moto ndani ya tangi, si kwa moto wa moja kwa moja chini yake. Moto wa kuni huunguza sakafu ya tangi na kugeuza makombo kuwa masizi.

Usipashe mafuta yenye maji mengi hadi karibu na nyuzi 95. Maji yaliyolala chini hugeuka mvuke kwa ghafla na kurusha mafuta ya moto hadi darini.

Zima joto, acha saa 24 hadi 48 bila kutikisa. Fungua vali ya koni polepole. Kwanza yatatoka maji machafu, kisha tope la kijivu, kisha mafuta. Funga mara tu mafuta yanapotoka angavu bila ukijivu. Chumvi ya chipo iko ndani ya yale maji, na klorini yake hula chuma cha mitambo ya kiwanda, kwa hiyo usiyaonee huruma matone ya mwisho. Maji hayo yapitie mtego wa mafuta, yasimwagwe mtaroni.

Malizia na kichujio cha maikroni 100, kisha pima tena. Unatafuta maji na uchafu chini ya 1%, ili ubaki na nafasi kabla ya 2% ya mnunuzi. Sampuli ikiwekwa kwenye glasi ikiwa na joto la nyuzi 40, uweze kusoma maandishi ya gazeti upande wa pili.

Vitambaa vilivyolowa mafuta visirundikwe pembeni. Hujipasha vyenyewe na kuwaka usiku. Viweke kwenye pipa la chuma lenye mfuniko.

## Hatua ya 7: Hifadhi

Jaza matangi hadi juu, funga, weka kivulini. Hewa na jua ni maadui wa pili baada ya maji. Kila tangi liwe na namba, tarehe na matokeo ya vipimo.

Usimwage kundi jipya kwenye tangi kubwa kabla ya kupima. Kundi lenye asidi ya 12% si lazima litupwe: lita 1,000 za aina hiyo ndani ya lita 9,000 za asidi ya 3% zinatoa 3.9%. Lakini uamuzi huo ufanywe kwa kalamu kwanza, pampu baadaye. Kilichoingiwa na mafuta ya madini hakichanganywi kwa hesabu yoyote.

Mwezi wa Julai mafuta ya mawese huganda Nairobi. Hayajaharibika. Yapashe polepole hadi nyuzi 40 yote yayeyuke kabla ya kuchukua sampuli, la sivyo utapima sehemu nyepesi tu iliyoelea juu.

## Hatua ya 8: Daftari la uzito

Mkaguzi atatumia muda mwingi hapa kuliko kwenye matangi. Kanuni ni kwamba huwezi kuuza kilo ambazo hukupokea. Hesabu hufungwa kila kipindi kisichozidi miezi mitatu, mfano:

- kilo zilizopokewa: 24,300
- maji na makombo yaliyotolewa: 1,900
- kilo zilizouzwa: 22,000
- kilo zinazopaswa kuwa ghalani: 400

Nenda ghalani upime hizo 400. Zikiwa 1,100, kuna risiti hazikuandikwa. Zikiwa 50, kuna mtu anauza kwa mlango wa nyuma. Vyovyote vile, ugundue wewe kabla ya mkaguzi. Makombo nayo yawe na risiti ya yalikokwenda, kwa mfano kwenye mtambo wa bayogesi.

Jaribu mnyororo mwenyewe: chagua tangi moja bila mpangilio na ulifuate kinyumenyume, kutoka tangi hadi kundi, kundi hadi karatasi ya dereva, karatasi hadi risiti, risiti hadi tamko la chanzo. Ukifika jikoni bila kumuuliza mtu, uko tayari kukaguliwa.

## Hatua ya 9: Kupakia

Agiza fleksitangi jipya lenye pedi ya kupashia chini yake. Mafuta ya mawese yakifika Ulaya majira ya baridi huganda, na bila pedi hayatoki.

Kagua kontena kwa ndani: misumari, kutu inayochoma, sakafu iliyopasuka. Litandikwe makaratasi magumu. Pakia mafuta yakiwa nyuzi 35 hadi 50, kwa ujazo ambao fleksitangi limeandikiwa. Likiwa pungufu, mafuta hupiga mawimbi njiani na kuchana mishono. Likizidishwa, ukuta wa kontena unavimba na kampuni ya meli inalikataa.

Wakati wa kupakia chukua sampuli mwanzoni, katikati na mwishoni, zichanganye, kisha ugawe katika chupa tatu zenye muhuri: ya mnunuzi, ya maabara huru, na yako ya kuweka. Mgogoro ukitokea, chupa ya tatu ndiyo wakili wako.

Pima lori tupu na likiwa limejaa kwenye mizani inayotambuliwa kabla ya kushika barabara ya Mombasa, usingoje kushtukia uzito kwenye mizani ya barabarani ya Mlolongo. Katika hati za forodha mafuta haya huingia chini ya namba 1518. Tamko la uendelevu, ankara na hati ya meli zote ziseme kilo zilezile na jina lilelile la bidhaa. Neno moja likitofautiana, benki inashikilia pesa.

## Hatua ya 10: Kutoka Nairobi hadi kanda nzima

Subiri makontena mawili yakubaliwe bila punguzo la bei, ndipo upanuke.

Nakuru na Kisumu zijengewe vituo vidogo vya kuchuja, kutuliza na kutoa maji tu. Usisafirishe maji kilomita 350. Vipimo vya asidi na madini vifanyike tena Nairobi mafuta yanapoingia, na kila kituo kiingizwe kwenye cheti chako kabla ya kukusanya.

Hoteli za Mombasa, Diani na Malindi zisipandishwe Nairobi hata kama ghala lako lina nafasi. Weka tangi la pili pwani, upakie hukohuko.

Kuvuka mpaka kwenda Kampala au Arusha ni kazi nyingine. Mafuta ni taka kisheria hadi yatakapothibitishwa vinginevyo, kwa hiyo ruhusa za mazingira zinahitajika pande zote mbili, na nchi ya asili iandikwe tofauti kwenye daftari. Mara nyingi ni nafuu kumfunza mkusanyaji wa kule, awe na cheti chake, nawe ununue kwake mafuta yaliyokwisha kukauka.

Kuhusu mbegu kama mbarika na krotoni, zinazokamuliwa Makueni: ni nyongeza nzuri ya malighafi, lakini cheti chake kinauliza maswali ya ardhi, mipaka ya shamba na kilichokuwa kimepandwa hapo awali. Matangi yake yawe mbali na haya, na daftari lake lianze ukurasa wake.

Shirika la ndege likikuuliza kama mafuta yako yatajazwa JKIA, jibu kwa uangalifu. Mafuta ya HEFA huchanganywa na mafuta ya kawaida, yasizidi 50%, kisha huuzwa popote kiwanda kilipo na soko. Unachoweza kuahidi kwa maandishi ni kilo, asidi, maji na jiko yalikotoka.